Mimea ya ndani kwa nyumba za baridi: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Ukifika Mbeya mwezi Juni baada ya saa kumi na moja jioni, utakuta nyumba nyingi zimeshafungwa. Madirisha ya aluminiamu yamevutwa mpaka mwisho, pazia zito limeshushwa, kitambaa kimesukumizwa chini ya mlango, na katikati ya sebule kuna jiko la mkaa lililokolea, watoto wamelizunguka. Baridi ikianza huwa naulizwa swali lile lile: ni mmea gani unaovuta hewa mbaya ya mkaa?

Hakuna. Nalisema mapema kwa sababu kuna nyumba ambazo jibu hilo ni suala la kufa na kupona. Mimea ya ndani naipenda, nina vyungu kumi na vinne hapa nyumbani, na nitakueleza namna ya kuchagua, kupanda na kutunza yako katika hali yetu ya hewa. Lakini mmea unakuja nyuma ya dirisha lililofunguliwa, kamwe hauji badala yake. Ndiyo maana tunaanzia kwenye hewa yenyewe.

Hatua ya kwanza: ijue hewa ya nyumba yako

Ingia ndani ukitokea nje asubuhi, kabla hujafungua kitu, usimame mlangoni, uvute pumzi. Pua iliyotoka kwenye hewa safi husema kweli kwa sekunde chache tu, kisha huzoea. Unachokinusa ndicho kitakachokuelekeza.

Kinachotisha zaidi hakinusiki. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mwili unakosa oksijeni huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Wengi huamini kwamba jiko likishakolea, likawa jekundu bila moshi, basi liko salama kuingizwa ndani. Si kweli. Moshi unaochoma macho umeisha, lakini kaboni monoksaidi inaendelea kutoka hadi mkaa uzime. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na usingizi mzito usio wa kawaida ndizo dalili. Wakiumwa kichwa watu wawili au watatu wa nyumba moja usiku mmoja, usitafute malaria kwanza. Watoe nje wote, wapeleke hospitali, na mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko la mkaa ndani.

Kwa hiyo jiko liwashwe nje, na likiingia sebuleni kwa sababu ya baridi, dirisha liachwe wazi na jiko litoke kabla ya mtu yeyote kulala. Chumbani lisiingie kabisa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga na kuwekwa miguuni hupasha kitanda vizuri, na haitoi hewa ya sumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya majumbani, hasa unaotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hakuna chungu cha maua kinachogusa tatizo la ukubwa huo.

Cha pili ni harufu ya vitu vipya. Makabati ya MDF (mbao za unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi), plaiwudi, rangi, vanishi na gundi hutoa kemikali zinazoruka hewani, na inayotajwa zaidi ni fomaldehaidi, ambayo imo kwenye gundi nyingi za mbao za kubandika. Sisi tunaishi jirani na Mafinga na msitu wa Sao Hill, mbao za mipaini tunazo, lakini siku hizi kabati la televisheni na la jikoni hutengenezwa kwa MDF kwa sababu ni rahisi kulipaka likang'aa. Nilipoletewa langu, sebule ilichoma macho kwa wiki nzima. Nikaweka vyungu vitatu juu yake nikisubiri miujiza, harufu ikabaki pale pale. Kilichosaidia ni kuacha milango ya kabati wazi mchana, kufungua madirisha mawili yanayotazamana, na kupaka vanishi ncha zote za mbao zilizokatwa ambazo fundi aliziacha wazi kwa nyuma, maana huko ndiko harufu hutokea kwa wingi. Baada ya kama wiki mbili macho yakapumzika.

Vumbi ni la tatu, na hapa mmea una kazi ya kufanya. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, vumbi la barabara za mitaani huingia kila mahali. La nne ni kuvu, hasa Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, ambako mvua hazitaki kuisha: madoa meusi kwenye pembe za dari, nguo za kabatini zikinuka uvundo. Kuvu ikiwepo, mimea mingi ndani huongeza tatizo, na nitalirudia hilo mbele. Dawa ya mbu ya kuchoma na udi navyo ni moshi, vitumie dirisha likiwa wazi.

Sasa dirisha. Watu huogopa kulifungua wakidhani nyumba itapoa kutwa nzima. Fungua saa nne asubuhi jua likishakolea, madirisha mawili ya pande tofauti, kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Hewa inabadilika yote, lakini kuta na viti vinabaki na joto lake, hivyo chumba hurudi kwenye hali yake upesi. Kama ulijenga karibuni, ukaweka dari la jipsamu na madirisha ya kusukuma, kagua kama fundi aliacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Nyumba za zamani zilikuwa nayo. Nyingi mpya hazina, na ni kazi ya siku moja kuyatoboa na kuyawekea wavu.

Mmea unafanya nini hasa

Mwaka 1989 mwanasayansi B. C. Wolverton na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichapisha majaribio yao. Waliweka mimea ya ndani kwenye visanduku vilivyozibwa kabisa, wakapuliza humo kemikali kama benzini na fomaldehaidi, wakapima baada ya saa kadhaa. Kemikali zilipungua. Waligundua pia kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika chini, kwenye udongo na mizizi, ambako vijidudu humeng'enya kemikali hizo. Orodha za "mimea inayosafisha hewa" unazoziona kwenye simu yako nyingi zina mizizi yake huko.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi kwenye kisanduku kilichozibwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha uchambuzi wa majaribio ya miongo kadhaa, wakakokotoa yangekuwaje ndani ya jengo la kawaida. Ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe kwenye jengo, ingehitajika kati ya vyungu 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua sebule ya mita nne kwa nne. Hizo ni mita 16 za mraba, yaani vyungu 160 kwa hesabu ya chini kabisa. Usingepata pa kuweka kiti.

Sijawahi kuona hesabu hiyo ikinipunguzia hamu ya mimea, kwa sababu kuna mambo mengine mmea huyafanya. Majani mapana hunasa vumbi, ukiyafuta unalitoa nje badala ya kulivuta puani. Majani hutoa mvuke kidogo, na mwezi Septemba pale Iringa, hewa inapokauka hadi midomo inapasuka, vyungu kadhaa vilivyokaa pamoja karibu na unapokaa huongeza unyevunyevu kiasi. Halafu kuna hili nililoliona kwangu na kwa majirani: mwenye mmea hufungua pazia. Hufungua dirisha. Husogeza kochi ili mwanga ufike. Mmea ukianza kunyong'onyea, ujue chumba chenyewe hakina mwanga wala hewa ya kutosha, na wewe pia unaishi humo.

Kuhusu ile hofu kwamba mmea chumbani usiku hukuibia oksijeni: ni kweli mimea hupumua usiku, ila kiasi chake ni kidogo mno kulinganisha na cha mtu mmoja anayelala kando yako. Lala na mmea wako kwa amani.

Pima mwanga na baridi kabla hujatoa hela

Mwanga kwanza. Mchana wa saa sita, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono juu yake kwa umbali wa rula moja. Kivuli chenye kingo kali kinamaanisha mwanga mwingi. Kivuli hafifu chenye kingo zilizofifia ni mwanga wa kati, unaotosha mimea mingi ya ndani. Usipoona kivuli, usiweke mmea hapo, au uwe unaubadilisha na mwenzake wa dirishani kila baada ya wiki mbili.

Wengi hawaliangalii hili: sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya ipo karibu nyuzi 9. Mwezi Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo lenye joto wakati wa kipupwe. Desemba jua liko upande wa kusini. Miongozo iliyoandikwa Ulaya inasifu dirisha la kusini mwaka mzima. Ukiifuata, mmea wako utakaa kivulini miezi ile ile unapohitaji jua kuliko wakati wowote.

Halafu baridi. Mimea mingi ya ndani asili yake ni misitu ya joto, na ikishuka chini ya nyuzi 10 huanza kuumia. Usiku wa Julai nje ya nyumba Mbeya hufika chini ya hapo, na Njombe na Makete kuna asubuhi unakuta barafu nyeupe juu ya majani. Weka kipimajoto cha bei nafuu karibu na dirisha kwa usiku mbili tatu kabla hujanunua mmea wa gharama. Kioo cha dirisha alfajiri huwa baridi kuliko katikati ya chumba, na jani linalogusa kioo huungua na kuwa jeusi kwenye ncha.

Mwisho, angalia nani mwingine yupo nyumbani. Mtoto anayetambaa huweka kila kitu mdomoni, na paka hutafuna majani.

Mimea ninayoipendekeza

Kama utachukua mmoja tu, chukua Chlorophytum. Wauzaji huuita "spider plant": majani membamba marefu yenye mstari mweupe, yakiinama kama nywele, na vikonyo virefu vyenye watoto wadogo wanaoning'inia ncha ya chini. Asili yake ni Afrika, una mizizi minene inayohifadhi maji, hauna sumu kwa mtoto wala paka, na unavumilia baridi ambayo ingeua mingine mingi. Wangu ulikaa barazani Julai nzima, ukapauka kidogo, Septemba ukachipua. Ulikuwemo kwenye utafiti wa NASA, kwa anayependa kujua. Ncha zake zikikauka rangi ya kahawia, mara nyingi ni chumvi au dawa ya maji ya bomba. Mwagilia maji ya mvua au acha ya bomba yalale kwenye ndoo usiku kucha.

Sansevieria, au "snake plant", ina majani yaliyosimama kama panga, ya kijani chenye mabaka. Nayo ni ya Afrika. Inaishi kwenye mwanga mdogo, inasahau kwamba hujaimwagilia wiki tatu, na usiku huvuta hewa ya ukaa badala ya mchana, jambo linaloifanya isifiwe sana kwa vyumba vya kulala, ingawa kiasi chenyewe ni kidogo. Adui yake hapa kwetu ni baridi ikikutana na maji. Mwaka wa kwanza niliimwagilia Julai kila Jumamosi kama nilivyokuwa nafanya Januari. Kwa juu ilionekana nzima kabisa. Siku moja nikashika jani kulifuta vumbi, likang'oka mkononi bila kelele, na chini lilikuwa limelainika kama ndizi iliyooza, likinuka vivyo hivyo. Tangu hapo, Juni hadi Agosti, naipa kikombe kimoja cha maji kwa mwezi. Ina sumu kiasi ikiliwa, paka na watoto wakae mbali nayo.

Dracaena ni ndugu yake, na moja yao utaitambua mara moja: isale, Dracaena fragrans, ambayo Wachaga huitumia kuombea msamaha na kupandia mipaka. Hukua kwenye misitu ya milima yetu, kwa hiyo ubaridi wa wastani hauishangazi. Majani mapana ya isale hunasa vumbi vizuri sana. Ni mmea wa pembeni mwa sebule, unaofika kimo cha mtu ukiupa miaka. Huhitaji kununua: kata kipande cha shina cha sentimita ishirini kwa jirani mwenye ua wa isale, kiache kikauke kidonda siku mbili, kisha kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu.

Kwa nyumba za Tukuyu na maeneo yote ya unyevu, kangaga ndiye mwenyeji. Wale wenye majani kama manyoya, wanaoota kwenye kingo za vijito kuelekea Rungwe, ndugu zao wa vitaluni hustawi bafuni penye dirisha bila kudai chochote. Ukiwapeleka Iringa mwezi Septemba watakauka ndani ya wiki.

Ua jeupe la "peace lily", Spathiphyllum, lipo kwenye kila orodha na kweli linapendeza. Likiwa na kiu linalala chini lote, ukilinywesha linasimama baada ya saa chache. Ila halipendi baridi, na utomvu wake huwasha mdomo vibaya. "Money plant" inayotambaa ni vivyo hivyo. Zote mbili ninazo, juu ya kabati, mbali na dirisha, na kwa Njombe au Makete nisingezishauri isipokuwa una chumba cha joto. Mshubiri, alovera wa kawaida, unatosha dirisha la jikoni lenye jua kali, na jeli yake ina kazi nyingine ukiungua na mvuke.

Iache nje kabisa mnyaa, ule wa kuzungushia ua, kwani maziwa yake yakiingia jichoni ni ajali ya hospitali. Dieffenbachia yenye majani makubwa ya madoa isikae nyumba yenye mtoto mdogo, jani moja likitafunwa huvimbisha ulimi. Na using'oe okidi za Kitulo. Uwanda ule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wa kule huuita Bustani ya Mungu, na okidi zake tayari zimechimbwa mno kwa ajili ya viazi vyake vinavyovushwa kwenda kuliwa Zambia. Sebuleni kwako hazitaishi hata hivyo.

Kununua

Mimea mingi ya vitalu vya barabarani hukuzwa hapa hapa, lakini mingine hupanda gari kutoka Morogoro na Dar es Salaam, na hiyo ya joto ndiyo hufia mikononi mwako mwezi wa kwanza. Bibi mmoja anayeuza miche kando ya barabara kuu alinifundisha swali la kuuliza bila yeye kujua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu miche."

"Huu wenye mistari unalala wapi usiku?"

"Hapa hapa nje, chini ya turubai. Ule mwingine ndio nauingiza ndani, ukipigwa na baridi unalegea."

Nikachukua uliolala nje. Tangu siku hiyo siulizi tena kama mmea "unavumilia baridi", kwa sababu kila muuzaji atasema ndiyo. Nauliza umelala wapi.

Kisha geuza jani uangalie chini yake: utando kama wa buibui, vidonge vyeupe kama pamba au madoa ya kahawia yanayong'oka kwa kucha ni wadudu. Nusa udongo, ukinuka uvundo mizizi imeoza. Tikisa shina kidogo, lisicheze. Chagua mdogo wenye chipukizi jipya kuliko mkubwa uliochoka. Ukifika nao nyumbani, uweke peke yake kwa wiki mbili kabla haujakutana na wenzake.

Kupanda

Chungu cha udongo ni bora kwa hali yetu, maana kinapumua na udongo haubaki majimaji wakati wa baridi. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyofinyangwa na akina mama kandokando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa Matema, ni vyepesi na vizuri kuliko vya plastiki vya dukani. Vimetengenezwa kwa kupikia na kuwekea maji, kwa hiyo havina tundu. Kiloweke usiku kucha, kigeuze juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisha zungusha msumari mkubwa katikati ya kitako kwa mkono, taratibu, ukidondoshea maji, mpaka utoboe. Usigonge kwa nyundo. Kazi hii huchukua kama nusu saa, na tundu la upana wa kidole kidogo linatosha. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri na kutobolewa matundu matano nayo inafaa.

Udongo wa bustani peke yake hushikamana ukawa kama tofali, hasa ule mwekundu wa Iringa. Changanya hivi:

- makopo mawili ya udongo wa juu uliochekechwa;
- kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyoiva kabisa, iliyopoteza harufu, au mboji;
- kopo moja la mchanga wa mto, au changarawe nyepesi za volkano kama unaishi upande wa Rungwe;
- konzi mbili za maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi, ambayo Mbarali na Kyela hayaishi.

Kwa Sansevieria na mshubiri, ongeza mchanga hadi uwe nusu ya mchanganyiko. Usiweke maranda mabichi ya mbao, yanapooza hunyang'anya mmea naitrojeni na majani huwa ya njano. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu upana. Weka kigae kimoja juu ya tundu, jaza nusu, simamisha mmea kwa kina kile kile ulichokuwa nacho, jaza pembeni, shindilia kwa vidole, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kisha uache kivulini siku nne tano.

Maji, vumbi na miezi ya baridi

Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukikauka, mwagilia mpaka maji yatiririke chini, na yamwage yaliyobaki kwenye sahani baada ya nusu saa. Ratiba ya siku fulani ya wiki ndiyo iliyoniulia Sansevieria, usiifuate. Kwa kukadiria tu, Chlorophytum wangu hunywa mara mbili kwa wiki Oktoba na mara moja kwa siku kumi Julai. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumbani. Ya bomba la Mbeya asubuhi ya kipupwe hushtua mizizi. Mwagilia asubuhi, jioni kamwe, ili mmea usilale na miguu iliyolowa.

Mbolea usitie kati ya Mei na Agosti, mmea umelala. Usiku wa baridi kali uvute mbali na kioo kwa hatua moja.

Vumbi ndiyo kazi inayohusu hewa yako moja kwa moja. Kila Jumapili ya kiangazi nalowesha kitambaa laini, nakamua, naweka kiganja chini ya jani na kufuta juu kuanzia kikonyo hadi ncha, kisha chini yake. Jani moja la isale sebuleni kwangu, wiki moja tu ya Agosti, huacha kitambaa na mstari mwekundu kama wa kufuta dirisha la basi. Suuza kitambaa kila baada ya majani machache. Wengine hupaka mafuta ya kula au maziwa ili majani yang'ae. Hayo huziba matundu ya jani na kuvuta vumbi zaidi. Mimea yenye majani mengi madogo ipeleke nje siku ya joto uimwagie maji kwa juu kama mvua.

Vyungu vingapi, na viwekwe wapi

Anza na vitatu. Kimoja karibu na dirisha la sebule, kimoja chumbani, kimoja unapofanyia kazi. Ukiweza kuvitunza vyote kuanzia Juni hadi Septemba bila kupoteza hata kimoja, ongeza. Vikishaongezeka, vya chumba kimoja vikusanye pamoja badala ya kuvitawanya, hapo unyevunyevu wake husaidiana. Visikae juu ya televisheni wala kuziba dirisha usiweze kulifungua, kosa ambalo nimeliona kwenye nyumba nzuri kabisa: mimea imepangwa kingoni mwa dirisha mpaka dirisha halifunguki tena.

Mwenye pumu au nyumba yenye kuvu asizidishe vyungu viwili kwa chumba, na udongo ufunikwe kwa kokoto safi juu. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, ukwangue utupe nje, punguza maji, sogeza chungu kwenye mwanga. Doa jeusi la ukutani lishughulikie lenyewe kwanza: tafuta bati linalovuja au ukuta unaonyonya maji.

Kuzalisha na kugawa

Subiri Septemba mwishoni au Oktoba, joto likirudi. Watoto wa Chlorophytum wenye vifundo vya mizizi chini kata kwa mkasi, watie kwenye glasi ya maji hadi mizizi ifike urefu wa kidole, kisha panda. Sansevieria iliyojaza chungu itoe yote, itenganishe kwa kisu safi, kila kipande kiwe na mzizi wake, acha kidonda kikauke siku mbili, panda kwenye mchanga mwingi na usimwagilie kwa wiki nzima ya mwanzo. Kwangu mwaka jana chungu kimoja kilitoa vinne. Kimoja kilikwenda kwa shangazi yangu Makete, na nilipokipeleka nilibeba pia chupa mbili za maji ya moto, nikamwomba jiko lisiingie tena chumbani. Chungu amekiweka dirishani upande wa kaskazini, na dirisha hilo sasa hulifungua kila siku saa nne.